Umeiamkia tu, hujaipima

Saa tano usiku nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye mguu wa meza inimulikie, mkononi nina klipu ya karatasi niliyoinyoosha na kuikunja upya mfano wa herufi U. Mbele yangu pawa saplai ya kompyuta yetu ya nyumbani, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo ndogo, ilikuwa imelala peke yake juu ya gazeti. Nilikwisha kuitoa kwenye kasha, nyaya zake zimemwagika huku na huku kama matumbo ya samaki. Nikachomeka ncha moja ya klipu kwenye tundu la waya wa kijani, ncha ya pili kwenye tundu la waya mweusi wa jirani yake, ndiyo njia ya kuiwasha pawa bila kompyuta, nikanyoosha mkono, nikawasha soketi ukutani.

Feni ikazunguka.

Nikagusisha mita ya volti kwenye waya wa njano, unaotakiwa kutoa 12: 12.08. Mwekundu, wa 5: 5.06. Wa rangi ya chungwa, wa 3.3: 3.33. Nikarudia zote tatu, nikaziandika nyuma ya bahasha, nikamgeukia mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni kajitanda kanga.

"Pawa nzima," nikamwambia. "Kilichokufa ni mazabodi, ile bodi kuu."

Nilitamka hivyo kwa sauti ya mtu anayefundisha fizikia. Wiki sita zimepita na kauli ile haijaniachia. Kila nikifuta ubao baada ya kipindi, inarudi.

## Ilianza na masika

Tunaishi Tanga, na masika ya hapa mnayajua. Mvua ikishika, taa zinafifia, zinarudi, zinafifia tena. Kwa hiyo Aprili, kompyuta ilipozima na kujiwasha yenyewe katikati ya kuchapa, sikushtuka. Nikasema ni umeme. Ilipofanya hivyo tena siku ya jua kali, na taa hazijatikisika hata kidogo, bado nikasema ni umeme.

Mei ikaanza kugoma asubuhi. Unabonyeza kitufe, feni inageuka nusu duara, inakata. Unabonyeza tena, inakata. Mara ya tano au ya sita inashika, na ikishashika inakaa. Mchana haikuwa na shida. Uizime, uiwashe, inakuitikia. Nikaamua kitufe kimechoka. Nikakifungua, nikakisafisha kwa spiriti, na kesho yake mashine ikawaka mara ya kwanza tu. Niliamini nimeitibu. Keshokutwa ikagoma.

Kuna jambo jingine ambalo wakati ule sikulihesabu kuwa dalili. Feni ya pawa ilikuwa imepiga kelele karibu mwaka mzima, mlio wa kukwaruza kama mtu anayeparua sufuria chumba cha pili. Mnamo Februari mlio ukakoma wenyewe. Nyumba ikatulia, tukafurahi sote.

Juni, wiki ya kuingiza alama za wanafunzi, ikakataa kabisa.

## Diski ikanitisha

Sitawachosha na hatua za mwanzo, kila mwenye kompyuta ya mezani ameshazipitia. Nilibadilisha waya wa ukutani. Nilichomoa ramu, zile bodi ndogo za kumbukumbu, nikazisugua meno yake kwa raba ya penseli, nikazirudisha. Betri ndogo ya mazabodi nilibadilisha. Taa ya kijani kwenye mazabodi ilikuwa inawaka muda wote, maana yake waya wa zambarau, ule unaobaki na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, ulikuwa hai. Hilo likanipa moyo upande wa pawa.

Kisha nikachomoa diski.

Nikabonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza siku ile feni haikukata. Ilizunguka sekunde nne, tano, sita. Mashine ikalia ile biip yake fupi. Halafu ikazima.

Damu ilinisisimka. Kwa akili yangu ya usiku ule, jibu lilikuwa moja: diski ina shoti, ndiyo inayoangusha mashine nzima. Na kwenye diski ile kulikuwa na alama za wanafunzi 140 ambazo sehemu yake sikuwa na nakala popote, pamoja na kadi zote za kitchen party ambazo mke wangu huwatengenezea watu, na nyingine zilikwisha kulipiwa. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaifunga diski kwenye taulo, nikaipeleka kwa mwalimu mwenzangu, tukaichomeka kwenye mashine yake.

Ikasoma. Mafaili yote yapo.

Nikamshukuru Mungu, nikayanakili yote palepale, na kwa ile furaha nikaacha kuuliza swali lililokuwa wazi kabisa: kama diski ni nzima, kwa nini kuichomoa kuliisaidia mashine?

Nimelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, inapoanza kuzungusha sahani zake, inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa njano kwa sekunde chache, kisha inatulia chini ya robo ya hapo. Nilipoichomoa nilikuwa nimeitua mashine mzigo mmoja mzito wa wakati wa kuwaka. Ikapata pumzi. Ilikuwa inaniambia mahali inapoumia, nami nikasikia kitu kingine.

Usiku wa siku hiyo ya kunakili mafaili ndipo nikakunja klipu.

## Nilimpelekea fundi jibu langu

Mazabodi niliitia kwenye mfuko, nikaenda nayo mjini kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta. Nimesikia watu wakiwasema vibaya vijana hawa, kwamba kazi yao ni kubadilisha vitu tu. Mimi sitamsema, kwa sababu najua nilivyoanza mazungumzo yetu. Kabla hata hajaishika nilimwambia: "Pawa nimeshaipima, nzima. Diski nzima. Ramu nimesafisha."

Alinitazama, akauliza, "Umepima mwenyewe, mwalimu?"

"Kwa mita."

Basi akaniamini. Angefanya nini? Alikuwa na mtu mzima mbele yake, anajulikana kuwa mwalimu wa fizikia, ana namba zimeandikwa nyuma ya bahasha. Akaigeuza ile mazabodi, akainusa, akasema hizi za zamani hufa hivi hivi bila alama. Ya kubadilishia, iliyotumika, shilingi 95,000.

Sikuwa nayo. Binti yetu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano na anaripoti Julai, na wenye watoto wa bweni mnaijua ile fomu ya kujiunga: godoro, ndoo mbili, rimu ya karatasi, mashuka ya rangi fulani na si nyingine. Nikamwambia kijana nitarudi mwisho wa mwezi.

Fomu ile ya shule ndiyo iliyoniokolea 95,000.

## Ngamiani

Wiki ya tatu mama mkwe alinituma nipeleke redio yake kwa mzee mmoja wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga wenye zile barabara za namba, anayefanyia kazi barazani kwake. Huyu ni fundi wa redio na televisheni tangu enzi za televisheni zenye mgongo mkubwa. Kwenye meza yake kulikuwa na bati la biskuti limejaa kapasita zilizotumika, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, na nyuma yake ukuta umeegemezwa makasha ya spika hadi darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mama hajambo? Hii redio yake tunaifahamu."

Aliifungua, akapuliza vumbi, akaanza kuchomelea waya wa spika. Mimi nikakaa kwenye benchi, na kwa vile jambo lilikuwa limenijaa moyoni, nikamsimulia habari yote ya kompyuta, tangu Aprili. Aliendelea kuchomelea kichwa kimeinama. Nilipofika kwenye klipu na zile namba tatu, akainua macho.

"Ulipoipima ilikuwa imebeba nini?"

"Haikubeba kitu. Nyaya zote nilikuwa nimezichomoa."

Akarudi kwenye redio.

"Basi hujaipima, mwalimu. Umeiamkia tu."

Sikumwelewa papo hapo. Akaendelea, kwa upole, macho bado kwenye solda: "Mtu ukimwamkia asubuhi atakwambia hajambo. Hata mgonjwa. Mtwishe debe la maji ndiyo utajua."

Niliondoka na redio ya mama mkwe. Nilifika kona ya pili nikasimama. Nilihisi joto likinipanda usoni, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

## Balbu tatu za breki

Kesho yake nilimpelekea pawa yenyewe. Alikuwa na kipande cha ubao kilichopigiliwa soketi tatu za taa za nyuma za gari, na kwenye kila soketi balbu ya breki ya volti 12, wati 21. Kila balbu ina swichi yake. Piga hesabu: wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75. Balbu tatu zikiwaka pamoja ni ampea 5 na robo. Kwenye kibandiko cha pawa yangu kulikuwa kumeandikwa kwamba waya wa njano unatoa hadi ampea 18. Nilikuwa naomba chini ya theluthi moja ya kilichoahidiwa.

Alifunga ubao wake kwenye waya wa njano na mweusi, akaweka mita, akaweka klipu yake mwenyewe, akawasha.

Bila balbu: 12.07.

Balbu moja: 11.82.

Akanitazama kuhakikisha naona. Akawasha ya pili. 11.31. Muundo wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995 na ndio unaotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani mpaka leo, unaruhusu waya wa njano upande au ushuke asilimia 5 tu. Chini ya 11.4 pawa imeshatoka kwenye mstari. Tulikuwa tumeshatoka, kwa balbu mbili za breki.

Akawasha ya tatu. Mita ikaanguka hadi 10.6 na kuendelea kushuka, balbu zote tatu zikageuka nyekundu kama makaa yanayokufa, feni ikalegea, kisha kimya.

"Umeona," akasema. Hakuongeza neno.

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwomba tena. Mara ya tatu nilitaka kuitazama tu ile sekunde ambayo balbu zinageuka rangi, kwa sababu nilikuwa naitambua. Nilikuwa nimeichora ubaoni kila mwaka kwa miaka kumi na moja.

## Kitu nilichokuwa nikifundisha

Kidato cha tatu, mada ya umeme. V = E − Ir: V ni volti inayofika nje, E ni volti ya chanzo chenyewe, I ni mkondo, r ni ukinzani wa ndani. Chanzo chochote cha umeme kina ukinzani wake chenyewe, ndani kwa ndani. Kikiwa hakijabeba kitu mkondo ni sifuri, kwa hiyo unachosoma kwenye mita ni E yote, na ule ukinzani wa ndani hauonekani kabisa, hata uwe mkubwa namna gani. Unaonekana mkondo unapopita. Kadiri unavyovuta zaidi ndivyo kinachobaki nje kinavyopungua. Wanafunzi wangu hufanya swali hili kwenye mtihani na wengi hulipata.

Nimelifundisha kwa Kiingereza, kama sera ya sekondari zetu inavyotaka. Nililisoma kwa Kiingereza, nikalifaulu kwa Kiingereza, nikalisahihisha kwa Kiingereza. Na usiku ule chini ya meza, nikiwa na mita mkononi na mke wangu mlangoni, nikiwaza kwa lugha ninayowazia mambo ya nyumbani, halikuja. Sikulisahau. Lilikuwa shuleni, limefungiwa kabatini pamoja na vifaa vya maabara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna mtu alinifundisha jambo hilohilo kabla sijaenda shule. Bibi yangu alikuwa na redio ya betri nne kubwa. Zikichoka hakuzitupa. Alizianika juu ya bati asubuhi, akazirudisha alasiri, na redio ikaimba hadi taarifa ya habari ya saa mbili. Nani kati yetu hakuiona hii nyumbani kwao? Betri ikipata joto ukinzani wake wa ndani hupungua kidogo, inapata nguvu ya kusukuma kwa muda. Bibi hakuwa na mita. Alijua kwamba betri iliyochoka inaweza kuwa na uhai na bado isiweze kubeba redio, na kwamba jua huipa siku moja zaidi.

Kompyuta yangu iligoma asubuhi na kuitikia mchana. Mara ya tano ya kubonyeza, ikishapata joto kidogo ndani, iliwaka.

Nilikuwa nayo pande zote mbili, ya bibi juu ya bati na ya ubaoni kwa Kiingereza. Ilibidi mzee wa Ngamiani aniambie "umeiamkia tu" ndipo zikakutana. Na nikiwa mkweli kwa kazi yangu, lazima niulize: kama mimi niliyesimama mbele ya darasa miaka kumi na moja sikuweza kuitoa fomula ile kabatini siku nilipoihitaji, nimekuwa nikiwapa nini wale wanafunzi? Wanalipata swali. Wakifika nyumbani na tochi imefifia, wanalikumbuka?

## Ndani ya boksi

Tulifungua. Naeleza alivyofanya, ila tafadhali asiyezoea kazi hii asiifungue pawa yake. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa humo ndani unafika kama volti 325, unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo baada ya plagi kuchomolewa. Mzee aliichomoa, akatoa skrubu nne, akachukua balbu ya kawaida ya nyumbani yenye nyaya mbili, akagusisha miguu miwili ya ile kapasita kubwa kwa chini. Balbu ikapiga mwanga mmoja mfupi, ikazimika. Akarudia, akapima kwa mita, ndipo akaingiza kidole.

Upande wa pili, ule wa volti ndogo, tulizikuta. Kapasita tatu karibu na mahali nyaya zinapotokea. Mbili vichwa vyake vilikuwa vimevimba kama mandazi, na kwenye mkato ule wa msalaba uliopo juu ya kila moja kulikuwa na ukoko wa kahawia. Ya tatu ilionekana nzima kwa macho. Mzee aliing'oa pia. "Hii imekauka bila kuvimba," akasema, "hawa ndio wabaya."

Kazi ya kapasita hizi ni kutuliza umeme unaotoka kwenye transfoma kwa vishindo, maelfu kwa maelfu kila sekunde, utoke nje umenyooka. Ndani zina karatasi iliyoloweshwa maji yenye kemikali. Maji yakikauka, ukinzani wa kapasita yenyewe unapanda, inapata joto zaidi, inakauka zaidi.

Kisha akaweka kidole kwenye feni, akaisukuma. Ilipiga robo duara, ikasimama. Mafuta ya ekseli yalikuwa yamegeuka gundi, yamechanganyika na vumbi na chumvi ya hewa ya pwani.

Hapo nikakumbuka Februari. Ule mlio uliokoma.

Feni haikupona siku ile. Ilikuwa imeanza kushindwa kuzunguka, na sisi tukafurahia utulivu. Mafundi wana kanuni ya mkono kuhusu kapasita za aina hii: kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, umri unapungua nusu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kufika saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65. Ukiiweka kwenye nyuzi 85 inabaki na saa 8,000. Kwa matumizi ya saa nane kwa siku, hiyo ni tofauti ya miaka kumi na moja na miaka isiyotimia mitatu. Feni ndogo kama kiganja, na tone la mafuta.

## Niiamini?

Alibadilisha kapasita tatu na feni kwa shilingi 15,000, akaifunga kwenye ubao wa balbu. Tatu zikiwaka: 12.03.

Nilitaka kuirudisha nyumbani siku hiyohiyo. Yeye ndiye aliyenizuia. Akaipima uzito mkononi, nyepesi mno kwa wati 450 zilizoandikwa, akanionyesha nafasi tupu kwenye bodi ambapo kulipaswa kuwa na koili na kapasita nyingine za kuchuja, mtengenezaji alizoziruka akaweka vipande vya waya. "Mimi nimeirudisha ilivyozaliwa," akasema. "Ilivyozaliwa yenyewe ni hivi."

Nilihangaika na hilo siku mbili. Naamini katika kutengeneza vitu, nimelelewa hivyo. Lakini diski yenye alama za watoto wa watu inaning'inia kwenye waya huohuo wa njano. Nilitafuta pawa iliyotumika, nzito, iliyotolewa kwenye mashine ya ofisi yenye muundo uleule, nikamwomba mzee ubao wake wa balbu niende nao dukani. Muuzaji alishangaa, kisha akasogeza viti nipate nafasi. Ya kwanza ilishuka hadi 11.5 kwa balbu tatu, nikamrudishia. Ya pili ilikaa 12.1 na haikutetereka. Nikailipa 35,000.

Nyumbani nilibonyeza kitufe mara moja. Mazabodi iliyokwisha kutangazwa marehemu, na mimi mwenyewe, ikawaka.

Nilirudi kwa yule kijana wa mjini nikamweleza, kwa sababu niliona si haki abaki akiamini nilichomwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza soketi za balbu za breki zinauzwa wapi.

## Mezani kwa kidato cha tatu

Pawa ya zamani, iliyotengenezwa, sasa iko maabara ya shule. Kasha limefungwa skrubu zote, nyaya mbili tu zimetoka nje, njano na nyeusi, kupitia fyuzi. Nimetengeneza ubao wangu, balbu sita. Wiki iliyopita niliwaweka makundi manne na karatasi za grafu: mkondo chini, volti pembeni. Kundi la kwanza nililipa betri nne za redio zilizochoka. Walichora mstari ukashuka vizuri kama kitabu kinavyotaka, na nikawasimulia habari ya bibi na bati, kwa Kiswahili, dakika kumi nzima. Sijawahi kuona darasa limetulia vile kwenye mada hii. Kijana mmoja wa nyuma alisema kwao bado wanaanika.

Kundi la pawa lilichora mstari uliolala kabisa. Balbu moja, mbili, sita, volti haikushuka hata alama moja ya kuonekana kwenye grafu.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii haina ukinzani wa ndani?"

Nikamweleza kwamba inao, ila tofauti na betri, pawa saplai inajitazama. Kuna saketi inayosoma volti inayotoka, na ikiona imeshuka kidogo inasukuma zaidi upande wa nyuma mpaka irudi 12. Betri haina huyo msimamizi.

Alitazama grafu yake, akatazama ile ya kundi la betri.

"Kwa hiyo ikianza kuchoka, yule msimamizi atatuficha mpaka lini?"

Kengele ilipigwa. Nilimwambia hilo tutalipima.

Zile kapasita tatu za zamani ninazo kwenye bahasha ileile yenye namba nyuma. Jumamosi naenda Ngamiani kumwomba mzee azirudishe moja moja, balbu sita zikiwa zimewaka, nami nikiwa na karatasi ya grafu.